Maswali ya Wasomaji: Nani Anasikilizwa Kuhusu Sigara za Kielektroniki?

Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa mwaka 2024, uliowasilishwa katika Seneti ya Kenya na Seneta Catherine Mumma, unataka sigara za kielektroniki (vepu) na vifuko vya nikotini vinavyowekwa mdomoni viwekwe chini ya sheria sawa na sigara za kawaida. Tangu tuuzungumzie, barua zimekuwa nyingi, na karibu zote zinarudi kwenye swali la maoni ya mwananchi: yanapimwaje, yanafika wapi, na yana uzito gani yakishafika. Hizi ni baadhi yake.

Wahariri, salamu nyingi. Gazeti moja liliandika kwamba wengi wanataka vepu zidhibitiwe. Wiki hiyo hiyo nikasikia redioni kwamba wengi hawataki zipigwe marufuku. Nani anatudanganya? — Msomaji, Kisauni, Mombasa

Huenda hakuna anayedanganya, ndugu yetu. Mtu mmoja anaweza kutaka zidhibitiwe na papo hapo asitake zipigwe marufuku, wala hajajipinga. Ndani ya udhibiti mna mambo mengi: umri wa mnunuzi, onyo kwenye pakiti, ushuru, matangazo, ladha, kiasi cha nikotini, mahali pa kuuzia na mahali pa kuvutia. Kuhusu umri ni shida kumpata wa kubisha. Kwenye ladha watu huanza kugawanyika, na kwenye marufuku kamili mgawanyiko huwa mkubwa. Utafiti unaouliza tu "je, zidhibitiwe?" huwakusanya wote hao kapu moja, kisha kila upande ukachukua asilimia inayoufaa.

Kwa hiyo tafuta swali lenyewe, neno kwa neno. Ukiona limeandikwa "Je, unaunga mkono serikali kuwalinda watoto dhidi ya sigara za kielektroniki?" ujue jibu limeshapangwa. Vivyo hivyo kwa "Je, wavutaji wazima wanyimwe kitu kinachowasaidia kuacha sigara?" Swali la haki hutaja kitendo kimoja bila kukipamba: "Je, duka liruhusiwe au lisiruhusiwe kuuza sigara za kielektroniki zenye ladha ya matunda kwa mtu aliyetimiza miaka 18?"

Kisha tazama waliosema "sijui" wamewekwa wapi. Chukua watu 100: 40 wanakubali marufuku, 20 wanakataa, 40 hawajui. Mwandishi akiwaondoa wasiojua, kichwa cha habari kitasema asilimia 67 wanataka marufuku. Akiwaacha, ni asilimia 40. Watu ni wale wale na majibu ni yale yale. Katika jambo jipya kama hili, wasiojua ni sehemu ya habari, na kuwafuta ni kumpotosha msomaji. Mwisho, uliza nani alilipia kazi hiyo. Kampuni ya tumbaku au shirika la kupinga tumbaku linaweza kufanya utafiti safi, lakini lisipotaja jina lake na lisipochapisha maswali, usiuamini.

Sisi ni kikundi cha vijana wa afya ya jamii. Tunataka kujua watu wa mtaani kwetu wanasema nini kuhusu vepu ili tupeleke matokeo kwa mwakilishi wa wadi. Tulifikiria kuuliza kwenye makundi ya WhatsApp. Je, inatosha? — Kikundi cha vijana, Eldoret

Haitoshi. Kundi la WhatsApp hujibiwa na wenye hasira, wenye muda na wenye bando. Mkipata majibu 900 kwa njia hiyo, mtajua wanavyofikiri hao 900 basi.

Anzeni na idadi. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu huwapa kiwango cha makosa cha takriban asilimia 5 juu au chini. Watu 1,000 hukishusha hadi takriban 3, na watu 100 hukipandisha hadi karibu 10. Ili kupunguza makosa kwa nusu lazima mzidishe watu mara nne, ndiyo maana 400 ni idadi nzuri kwa kikundi chenye nauli ndogo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtu mzima wa mtaa alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mkichagua nyumba zilizo karibu na barabara peke yake, makosa huongezeka na hakuna kanuni itakayowaokoa.

Namna ya kuchagua: pateni idadi ya kaya kutoka kwa mzee wa mtaa au wahudumu wa afya. Tuseme ni 2,400. Gawanyeni kwa 400, mnapata 6. Piga kura ya namba 1 hadi 6. Ikitoka 4, anzeni na nyumba ya nne, kisha ya kumi, ya kumi na sita, na kuendelea. Ndani ya nyumba, andikeni majina ya wote waliotimiza miaka 18 kwenye vikaratasi, mmoja avute. Aliyevutwa ndiye atakayejibu, hata kama aliyefungua mlango ana maneno mengi na yuko tayari. Asipokuwepo, rudini mara mbili zaidi, na moja ya hizo iwe jioni. Msimbadilishe na jirani. Hapa ndipo tafiti nyingi za mitaani huharibika: hufanywa saa nne asubuhi siku ya kazi, zikawapata akina mama na wazee, zikawakosa vijana wa kiume ambao suala la vepu linawagusa moja kwa moja.

Bebeni kadi zenye picha nne: kifaa cha kutumia na kutupa, kifaa cha kujaza, kopo la vifuko vya nikotini, na shisha. Wengi huviita vifaa hivi "shisha pen", na shisha Kenya ilipigwa marufuku Desemba 2017. Bila picha, mtu atawajibu "si zilishakatazwa?" na nyinyi mtaandika kwamba anaunga mkono marufuku, kumbe anazungumzia kitu kingine. Jaribuni maswali kwa watu 20 kwanza na muwaombe warudie swali kwa maneno yao. Swali ambalo watano kati yao wamelielewa vibaya, liandikeni upya.

Swali la "je, wewe unatumia?" liwe la mwisho, na jibu liandikwe na mhojiwa mwenyewe kwenye karatasi, likunjwe na kutiwa bahashani. Kijana hatakiri mbele ya mamake. Tena msijaribu kutoa asilimia za watumiaji peke yao: katika watu 400 mkipata watumiaji 12, makosa ya kikundi hicho hufika karibu asilimia 28 kila upande. Semeni "watumiaji 12 tuliowapata" mwishie hapo. Walio chini ya miaka 18 waacheni; wanahitaji ridhaa ya wazazi na idhini ya kamati ya maadili. Na mkitaka kuuchapisha kama utafiti rasmi, ombeni kwanza leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Niliandika barua ndefu Bungeni kupinga mswada, nikaeleza vepu zilivyonisaidia kuacha sigara. Sikujibiwa. Je, walitupa? — Msomaji, Nakuru

Kutojibiwa si dalili ya kutupwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 118, inalitaka Bunge kuwezesha umma kushiriki katika kazi zake, lakini hailazimishi kumwandikia kila mtu. Mahali pa kutazama ni ripoti ya kamati iliyoshughulikia mswada. Mle huorodheshwa waliowasilisha maoni, walichopendekeza, na kamati ilichoamua juu ya kila pendekezo. Kama hoja yako haimo hata kwa muhtasari, hapo una sababu ya kuuliza.

Jambo hili lina historia mahakamani, na ni historia ya tumbaku hasa. Wizara ya Afya ilipotoa Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za mwaka 2014, kampuni ya British American Tobacco Kenya ilikwenda mahakamani, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kesi ilipanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Novemba 2019 iliitupilia mbali rufaa. Katika uamuzi huo majaji waliweka vigezo: suala lielezwe kwa uwazi, utaratibu wa kushiriki uwe rahisi kueleweka, pande zote zipate nafasi sawa ya kushawishi, uwakilishi uwe mpana, mchakato uwe wa uadilifu, na wananchi waelimishwe kwanza. Ushirikishwaji wa kutimiza utaratibu tu haukubaliki. Lakini kushirikishwa hakumaanishi kwamba kila maoni lazima yafuatwe, na hili wengi hawalipendi.

Sasa barua yako. Tatizo letu nayo ni urefu na, kwa ulivyoieleza, inaelekea haikutaja kifungu. Kamati husoma mswada kifungu kwa kifungu, na makarani huandaa jedwali la safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Andika hivyo wewe mwenyewe. Tuseme kifungu fulani kinapiga marufuku ladha zote. Safu ya kwanza: namba ya kifungu. Ya pili: maneno kamili unayotaka yawekwe, kwa mfano "isipokuwa ladha ya tumbaku". Ya tatu: sababu kwa sentensi tatu au nne. Kurasa mbili zinatosha. Taja jina lako, unakoishi, na kama una maslahi yoyote. Ukiwa na duka la vepu sema wazi, maana Kenya imo katika mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kifungu chake cha 5.3 kinaitaka serikali kulinda sera zake dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Mwenye maslahi aliyejificha akigundulika, hoja yake hufa hata kama ilikuwa nzuri.

Kisa chako cha kuacha sigara kiweke, lakini kiambatanishe na ushahidi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tafiti za afya kwa pamoja, yameona kwa uhakika wa juu kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko dawa za kubadilisha nikotini kama bandiko au bazoka. Kati ya watu 100, takriban 8 hadi 10 huacha kwa vepu, dhidi ya 6 kwa dawa hizo. Hoja hiyo ina nguvu. Usiivushe mpaka wake, kwa sababu haisemi lolote kuhusu kijana wa miaka 15 ambaye hajawahi kuvuta.

Na usisambaze barua moja itiwe saini na watu mia tano. Nakala mia tano za maneno yale yale ni hoja moja. Kama mna watu wengi, tumieni ombi rasmi chini ya sheria ya maombi kwa Bunge ya 2012. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Lieleze juhudi mlizofanya kwanza, liseme kama suala liko mahakamani, limalizie kwa ombi lililo wazi, na liwe na majina, anwani na saini au alama za vidole.

Nimekuta kifaa kwenye begi la mwanangu wa kidato cha pili. Kwenye sanduku kumeandikwa 5%, 10 ml na "pafu 6000". Nataka kuandika maoni kuhusu nikotini lakini hizi namba sizielewi. — Mama, South C, Nairobi

Pole mama. Namba mbili ndizo za maana. Asilimia 5 ni takriban miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Zidisha kwa mililita 10: kifaa kina takriban miligramu 500. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita na tangi lisilozidi mililita 2, yaani miligramu 40. Ulichokishika kina mara kumi na mbili na nusu ya hizo.

Kinachowezesha kifua cha mtoto kustahimili kiasi hicho ni chumvi ya nikotini. Nikotini ya zamani ilikuwa ikikwaruza koo kadiri inavyozidi. Ikichanganywa na asidi hulainika, mvutaji asihisi ukali. Ongeza ladha ya embe na hakuna kinachomwambia asimame. Idadi ya pafu, yaani mara za kuvuta, iache kabisa katika barua yako. Ni makadirio ya mtengenezaji, na hubadilika kulingana na urefu wa kila pafu.

Kwa hiyo pendekeza namba tatu: kikomo cha miligramu kwa mililita, kikomo cha mililita kwa kifaa, na sharti la kuchapisha jumla ya miligramu mbele ya sanduku. Wabunge hushika namba kuliko neno "hatari".

Tena geuza sanduku uone kama lina stempu ya ushuru. Mwishoni mwa 2024 ushuru wa bidhaa kwa kimiminika cha nikotini cha vifaa hivi ulipandishwa Kenya kutoka shilingi 70 hadi 100 kwa mililita. Mililita 10 ni shilingi 1,000 za ushuru huo peke yake, kabla ya bei ya kifaa. Kikiuzwa kibandani chini ya hapo, kuna sababu kubwa ya kushuku kwamba kimeingia kwa njia za panya. Hilo nalo liandike, pamoja na bei na aina ya duka, kwa sababu linaonyesha kasoro ni ya utekelezaji na siyo ya sheria tu.

Kifaa chenyewe usikitupe kwenye moto wala taka za jikoni. Ndani mna betri ya lithiamu, na kimiminika kilichobaki kinaweza kumdhuru mtoto mdogo akikilamba.

Nilisoma kwamba vepu zimeua watu Marekani, kwa hiyo ni mbaya kuliko sigara. Kwa nini basi tupige porojo za kudhibiti? — Msomaji, Morogoro

Vifo hivyo vilikuwa vya kweli. Hadi Februari 2020, Marekani ilikuwa imerekodi wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, na 68 kati yao walifariki. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotiwa hasa katika vimiminika vya bangi vilivyouzwa kimagendo. Hazikuwa sigara za kielektroniki za nikotini kwa jumla.

Lakini habari ya vifo ilienea na habari ya chanzo ikabaki nyuma. Nchini Uingereza mwaka 2024, nusu ya wavutaji waliohojiwa waliamini kwamba vepu zina madhara sawa au zaidi ya sigara, na sivyo: sigara huchoma tumbaku, na moshi wa kuchoma ndio wenye lami na kaboni monoksidi. Mvuke wa vepu una madhara yake na nikotini hunasa, hasa ubongo unaokua. Anayedhani viwili hivi ni sawa hana sababu ya kuhama kutoka kibaya zaidi, na maoni yake kuhusu sheria hujengwa juu ya kosa hilo. Utafiti mzuri wa maoni huuliza kwanza mtu anajua nini, ndipo uulize anataka nini.

Huku serikali ilikusanya maoni kabla ya kukataza zile za kutupa. Kwa nini nyumbani wasipige kura tu, wengi wape? — Msomaji, Leicester, Uingereza

Mkusanyo huo ulifungwa Desemba 2023 ukiwa na majibu karibu 28,000, na karibu asilimia 70 waliunga mkono kubana vifaa vya kutumia na kutupa. Marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2025. Kumbuka kwamba hao 28,000 walijitokeza wenyewe. Hawakuwa sampuli ya taifa, na thamani yao kubwa ilikuwa katika hoja walizoleta, kama vile takataka na moto wa betri.

Kura imejaribiwa. San Francisco mwaka 2019, pendekezo lililodhaminiwa na kampuni ya vepu ya Juul la kuondoa katazo la jiji lilikataliwa na takriban asilimia 82 ya wapiga kura. California nzima ilipiga kura Novemba 2022 kuhusu ladha, na takriban asilimia 63 wakaiunga mkono sheria iliyozikataza. Ila sheria hiyo ilikuwa imetiwa saini Agosti 2020. Wapinzani walikusanya saini za kudai kura, na utekelezaji ukasimama zaidi ya miaka miwili huku bidhaa zikiendelea kuuzwa. Tena kura ni ndiyo au hapana. Haiwezi kusema "miligramu 20, ladha ya tumbaku peke yake, kuanzia miaka 21". Kwa jambo lenye namba ndani yake, sisi tunaona utafiti safi pamoja na maoni ya maandishi kwenye kila kifungu ni njia bora.

Kaka yangu anakuja Muscat kutoka Dubai na vepu yake. Kule anavuta hadharani. Je, kuna shida? — Msomaji, Muscat

Mwambie aiache. Falme za Kiarabu ziliruhusu uuzaji kwa viwango maalumu kuanzia Aprili 2019. Oman inakataza biashara yake kwa faini. Ruhusa ya upande mmoja haivuki mpaka.

Uganda zimeshapigwa marufuku kwa sheria ya 2015, lakini zinauzwa. Maoni yetu yana kazi gani tena? — Msomaji, Kampala

Yana kazi kubwa, ila mahali pa kuyapeleka pamebadilika. Sheria hiyo ya 2015 ilikataza sigara za kielektroniki na shisha na ikaweka umri wa miaka 21 kwa tumbaku. Pingamizi la kampuni ya tumbaku dhidi yake lilitupwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2019. Kuuliza sasa kama watu wanakubali marufuku ni kuuliza jambo lililokwisha. Ulizeni utekelezaji: katika miezi 3 iliyopita umeona zikiuzwa? Duka la aina gani, au mtandaoni? Mnunuzi aliulizwa umri? Unajua pa kuripoti? Maswali hayo manne, nyumba kwa nyumba kwa utaratibu tuliowaeleza wenzenu wa Eldoret, yatakupa ramani ya kupeleka wilayani na Wizara ya Afya. Andika aina ya duka na mtaa, usiandike jina la muuzaji kwenye fomu za utafiti; aliyekujibu asije akageuzwa shahidi bila kujua.